Nimejificha Nyuma ya Viti Nimsikilize Binti Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na kama utacheka, cheka kwanza umalize ndipo usome, maana mimi mwenyewe nilicheka na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Mimi ni fundi wa makochi, shule na mimi tuliachana kwa amani darasa la nne, na kitinda mimba wangu ni binti anayeimba opera ya Kitaliano, yaani ule mchezo ambao mtu hata akitaka maji ya kunywa anayaomba kwa kuimba, na akinyimwa anaimba zaidi.

Mwezi uliopita alinialika ukumbini kwa mara ya kwanza, nikavaa koti nikakaa mbele kama bwana harusi. Aliigiza mwanamke aliyenyweshwa sumu na wifi yake. Sasa sumu imeingia, kila mtu kaona, lakini badala ya kufa akaimba, akaanguka, akaimba chali, akainuka akaimba tena, natazama saa dakika nane zimepita na mtu hajafa, nikapaza sauti: "Mwanangu, kufa basi, watu tuna njaa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sauti ikamkatika palepale.

Nyumbani akaniambia, "Baba, nimesoma miaka sita ili niweze kupumua vile. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao naimba tena, mbele ya watu wanaochagua waimbaji. Tafadhali usije." Mama yake akaongeza, "Mdomo wako huo hauna mlango wala komeo."

Basi bahati ikaja, ukumbi uleule ukatafuta fundi wa kubadilisha sponji na vitambaa vya viti vya nyuma, nikaidaka kazi bila kusema nyumbani. Binti na wenzake wanafanya mazoezi jukwaani, mimi nimelala sakafuni kati ya safu, hanioni mtu. Siku ya kwanza nilisikia kelele. Siku ya pili nikagundua kwamba hawana kipaza sauti! Hakuna waya, hakuna spika, mtoto niliyekuwa namnyanyua kwa mkono mmoja anatoa sauti kifuani mwake inanifikia safu ya mwisho, nikiweka kiganja kwenye mbao ya kiti naisikia inatetemeka. Siku ya nne ndipo nilipojua kwamba zile dakika nane hazijirudii hata kidogo, maneno ni yaleyale lakini mara ya kwanza ana hasira, mara ya pili anaogopa, mara ya tatu anamsamehe wifi yake, na mimi Kitaliano sijui hata salamu, lakini nimeelewa. Pale pa kusamehe sauti inashuka inakuwa nyembamba kama uzi, unasema sasa hivi itakatika, haikatiki. Nililia, mshauri, nimelala chali chini ya kiti, machozi yakaniingia masikioni.

Nimewaza hivi: Jumamosi nijibanze humohumo chini, nimsikie bila yeye kujua. Nikimwambia ukweli naogopa atanifukuza hata huko. Nijifiche, au niseme?

Fundi wa Makochi

*

Mzee wangu,

Pokea heshima zako mapema, maana nikianza kukugombeza nitazisahau.

Kutoipenda opera si dhambi. Dhambi yako ni kumcheka mtu aliye kazini kabla hujajua anafanya kazi gani. Mteja akiingia karakana, akakuta kochi limebaki mbao na springi, akakucheka, si ungemfukuza na nyundo? Na huo mpango wa kulala chini ya viti, kwa umri huo! Ukikohoa je? Watasema mwizi, na binti atakatika sauti mara ya pili, safari hii mbele ya watu walioshika kalamu.

Halafu kuna jambo hujaliona. Binti yako atapanda jukwaani akiamini kwamba kwa baba yake kifo chake ni kichekesho. Akifika pale pa kusamehe atasikia kicheko chako, uwepo usiwepo. Ukinyamaza, mzee, tayari umo ukumbini unapiga kelele.

Kwa hiyo mwambie kesho, kabla hajatoka kwenda mazoezini, na mama yake awepo. Anza na samahani, utani uuache chumbani. Usimwambie "unaimba vizuri". Hilo hata jirani kiziwi humwambia. Mweleze ile hasira, ule woga, ule msamaha, na mbao iliyotetemeka chini ya kiganja chako. Kisha muulize yale maneno ya Kitaliano yana maana gani, na akianza kujibu, najua ni kazi ngumu, funga mdomo umsikilize.

Akisema uje, nenda, ukae juu ya kiti kama watu. Mafundi wa makochi hubana misumari midomoni wakiwa kazini, kwa hiyo mazoezi ya kunyamaza unayo. Siku hiyo bana peremende.

Akisema usije, usiende, si kwa mlango wala kwa dirisha. Baki nyumbani umngojee. Wewe utaukosa wimbo wa Jumamosi, lakini yeye atauimba akijua kwamba umekwisha kumsikia.