Usimnyang'anye Tunu Simu

Muhaisnah, Dubai
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaacha kuingoja barua hii. Nilikuahidi tangu Maulidi, na sasa hapa watu wanaulizana Rajabu itaandama lini. Nisamehe mama. Si kwamba nilikosa la kusema. Kila nikikaa kitandani na kalamu, usingizi unanichukua nikiwa nimeandika shikamoo tu, asubuhi naikunja karatasi naitia mfukoni mwa aproni, inafuliwa humo humo. Leo siinuki mpaka nimalize, maana Mama Nasra, yule mfanyabiashara wa nguo wa Ngamiani, anaondoka kesho kutwa na amekubali kunibebea.

Miguu yako je? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini unawangojea wageni? Na kifua cha usiku kimepoa? Mimi mzima, nashukuru. Mgongo unalalamika kidogo, nami nauambia unyamaze.

Kazi ni ileile, kusafisha fleti za kupangisha kule Al Mankhool. Basi la kampuni linatuchukua kabla jua halijatoka, linaturudisha limeshazama. Wapangaji wanakaa siku chache wanakwenda zao, sisi tunaingia na mashuka mapya. Wiki iliyopita fleti moja waliondoka watu wa pwani kama sisi, jikoni nikakuta kifuu cha nazi. Nilikinusa kwanza, ndipo nikakitupa.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya niishike hii kalamu.

Simu zetu tunazikabidhi asubuhi kwa msimamizi, tunamwita Sir, anazifungia kwenye kabati mpaka saa ya kutoka. Kwa hiyo bipu zako naziona jioni, ndani ya basi. Nikikuta umebipu mara moja najua ni salamu, mko salama. Mara mbili, nikupigie. Nikiona ile moja namshukuru Mungu, nafumba macho. Kwetu bipu ndiyo barua nzima, hakuna anayefikiria kwamba ndani yake mna kitu kingine.

Lakini tangu nilipobadilisha laini, pembeni ya bipu zako pakawa panatokea na kialama kama magurudumu mawili ya kanda, na ujumbe wa Kiingereza chini yake. Nikasema ni matangazo ya kampuni ya simu, hawa hawaishi kutangaza. Nikawa nafuta tu ule ujumbe, miezi na miezi.

Na wewe mwezi uliopita, tulipozungumza, unakumbuka ulivyompa Tunu simu. Nikakusikia unamwambia, "Haya, mama'ko huyo, msalimie." Kimya. "Sema, Tunu, mbona unaniaibisha?" Kimya. Nilisikia pumzi zake tu. Nikamwita, nikamuuliza habari za shule, nikamuuliza amekula nini, kama ninayeongea na ukuta. Kisha ukaichukua simu ukaniambia, "Mwanangu, ongeza mkataba, umalizie nyumba. Mtoto ameshazoea. Hata hakuulizi."

Najua ulisema ili nipate nguvu. Lakini lile neno, hakuulizi, nililala nalo mama, nikaamka nalo, nikapigia deki nalo. Sir alikuwa ameshanipa karatasi za kuongeza miaka miwili. Nikajiambia, sasa nakimbilia wapi? Kama haniulizi, bora nibaki nimalize hicho chumba cha tatu. Nilikuwa niweke sahihi Jumatatu.

Jumapili yake jioni, tumesharudishiwa simu, nikawa nakunja nguo na Mwanasha. Huyu ni Mkenya wa Likoni, kitanda chake kiko juu ya changu, mdomo wake haufungwi hata akilala. Simu yangu ikalia ule mlio wa ujumbe. Akauliza, "Nani huyo kila siku?"

"Matangazo."

Akaichukua, akaitazama, akanitazama mimi. "Matangazo gani wewe? Hii ni voismeli. Mtu akikupigia usiposhika, anaongea na mashine, wewe unasikiza baadaye. Na ziko kibao. Una mchumba unamficha?"

"Mchumba gani, na mgongo huu?"

"Basi ni watu wanakudai. Ngoja tuwasikize."

Akabonyeza anakokujua yeye, akaweka sauti ya juu. Akaanza mwanamke wa Kizungu aliyemo ndani ya simu, akasema maneno yake. Kisha nikasikia kuku. Mama, nilimjua yule kuku. Halafu sauti ndogo ikasema, "Shikamoo."

Kimya.

"Shikamoo, mama wa simu. Namuomba mama yangu."

Mwanasha aliacha kucheka.

Ni Tunu. Kumbe, nilivyokuja kuyaunga baada ya kuzisikiliza zote, ukishanibipu ile alasiri unaiacha simu dirishani, unatoka uani kwenye bagia zako, naye anapanda kiti, anabonyeza kile kitufe cha kijani, namba ya mwisho inajipiga yenyewe. Anapokewa na yule mwanamke wa mashine. Yeye akadhani ni mtu wa kweli. Tena akadhani ndiye madamu wangu, aliyenishika huku. Na kwa kuwa umemlea kwa adabu, anamwamkia kwanza, anangoja aitikiwe. Ujumbe mmoja mzima ni shikamoo tu na kuku, na wewe kwa mbali unamwambia mteja chatne imekwisha.

Siku nyingine ameshamsamehe kutoitikia, anakwenda moja kwa moja. "Mimi Tunu. Jino langu limeng'oka, bibi kalirusha juu ya paa. Mwambie mama." Siku nyingine: "Mama akimaliza kufagia mwambie aje. Kama kufagia ni kwingi nitakuja nimsaidie." Na nyingine, mama, hiyo nilitoka nje nikazunguka jengo ndipo nikarudi kuimalizia: "Bibi kasema mama anakuja kesho. Kesho ya juzi hakuja. Ni wewe unamzuia?"

Ya mwisho aliongea polepole, nafikiri ulikuwa karibu. Alisema, "Bibi kasema nikimlilia mama ataugua huko aliko. Mimi nikimsikia nalia. Ndiyo maana nanyamaza. Usimwambie."

Hayo ndiyo yaliyomo, mama. Mtoto aliyenyamaza kwenye simu alikuwa ananilinda nisiugue.

Mwanasha alizirekodi zote kwenye simu yake, kwa sababu mashine huku inafuta maneno yakikaa sana, na ya mwanzo mwanzo yalishakwenda. Sijui alisema nini humo. Nikiwa kwenye basi naweka sikioni zile zilizobaki. Simsikilizi Tunu peke yake, nasikia na mlango wetu unavyolia, na wewe unavyokohoa.

Hivi sasa umeelewa na salio lako linakokwenda. Mashine ikipokea, linakatwa kama simu nyingine. Ulimdhania Bakari mdogo wangu ndiye analimaliza, ukamnunia, akawa anakula chakula chake barazani kama mgeni. Mwite umwambie yaliyotokea. Na Tunu usimchape kwa hilo, nakuomba. Vocha nitakuwa naileta mimi.

Nimemwondoa yule mwanamke wa Kizungu. Inawezekana kuweka sauti yako mwenyewe mahali pake, Mwanasha alinishikia simu nikasema. Nilirudia mpaka watu wa chumba wakalalamika. Sasa akipiga atasikia hivi: "Marahaba Tunu. Ni mimi mama. Hakuna aliyenizuia. Niambie yote, na ukitaka kulia, lia." Siku ya pili usiku Sir alinipigia kunipa zamu nimeshalala, akayapata hayo. Asubuhi akaniuliza, "Tunu ni nani? Bosi mpya?" Nikamwambia ndiyo, Sir. Wenzangu wakacheka basi zima.

Jioni yake nikamrudishia karatasi zake bila sahihi. Akaniuliza kama nina tatizo la chumba, kama nimegombana na mtu. Nikasema sina tatizo, Sir, nina mtoto. "Kwa hiyo khalas?" Nikamwambia khalas, yamekwisha. Akazitia kwenye droo, akasema fleti ya juu bomba limepasuka, yalla, nichukue ndoo. Hivyo tu ndivyo ilivyokwisha.

Mama, mkataba huu unaisha baada ya Ramadhani, nami narudi. Najua utasema nyumba je. Chumba cha tatu kitangoja. Tofali halikui, likiwekwa leo au mwakani ni lilelile. Huyu anang'oka meno sipo. Nitatafuta kazi hapo hapo Tanga, nikikosa nitakaa nawe uani tukaange bagia. Kusafisha najua, na kuchoka nimeshazoea.

Nakuheshimu mama, wewe ndiye uliyemlea na mimi nikaweza kulala huku. Lakini haya nayasema kama mama wa Tunu. Usimwambie tena kwamba nakuja kesho. Mwambie mama anakuja baada ya mfungo, watu wakishakula Idi, na akiuliza ni lini mwonyeshe mwezi angani, muuhesabu pamoja. Usimkataze kulia. Mimi siugui kwa machozi yake, nilikuwa naugua kwa ule ukimya. Na akipanda kiti kuifuata simu, mshikie kiti asianguke, basi. Usimsimamie kichwani. Akiwa peke yake anasema, na mimi mchana siwezi kushika simu hata nikitaka, kwa hiyo maneno yote atayaacha kwenye mashine, nami nitayakuta jioni.

Ukibipu, endelea vilevile, moja salamu, mbili nikupigie. Ila kata haraka kabla haijapokea, usije ukasikia marahaba yangu ukadhani nimekuamkia vibaya.

Nisalimie Bakari, mwambie dada yake amemtetea. Msalimie baba mdogo anayekuletea kuni, na shangazi, Mungu amwondolee presha. Mwalimu wa chuo anayemsomesha Tunu Kurani mpe salamu, namuombea kheri. Jirani yetu fundi cherehani mwambie atafute nafasi baada ya Idi, nitamletea kitambaa. Hata baba yake Tunu, ukikutana naye akija kutoka Muheza, mpe salamu za heshima, zisizidi hapo.

Mama Nasra atarudi huku kabla ya Shabani kuisha. Vya kumpa ni hivi. Mchaichai uliokaushwa na jua, fungu moja dogo tu. Pilipili ya kusaga ya shangazi, uifunge mifuko miwili isije ikamharibia nguo zake. Kitana cha mti, maana vya hapa vinakatikia kichwani. Kisha karatasi mbili, umchore Tunu nyayo, wa kulia na wa kushoto, asivae soksi. Na uzi, mrefu kama yeye, kutoka kisiginoni mpaka utosini. Asimame ukutani sawasawa, asichuchumie, maana namjua. Ufunge fundo pale anapoishia. Na unapompima, mwambie uzi huu unakwenda kwa nani.

Mwanao,
Mwanaidi