Bihogo Ana Mwenyewe

Kasulu

Dada Mwajuma mpenzi,

Mimi mzima. Baridi ya huku imenifanya niingie darasani na sweta ulilonifumia. Jana niliwapeleka wanafunzi wangu wa udaktari wa mifugo Heru Juu, ambako ng'ombe alikuwa ameshindwa kuzaa. Filibati, hodari wao, alipaka mkono sabuni akamwendea ng'ombe moja kwa moja. Mama mwenye ng'ombe akamzuia: "Huyu ana mwenyewe."

Filibati akanitazama nimwokoe. Nikakaza uso, kwani ufundi anao, adabu ya kazi ndiyo ninayomfundisha. Akarudi mlangoni mwa zizi, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimiana. "Mwakeye, mama?" Akauliza habari za watoto, mvua, maharage, mwisho jina la ng'ombe.

"Bihogo," mama akajibu, akampisha. Muda si mrefu ndama alikuwa anajaribu kusimama.

Nikasogea kifua mbele kumpongeza mwanafunzi wangu. Mama akanikata jicho: "Na wewe mwalimu, salamu yako sijaisikia bado."

Nilichuchumaa, dada, na suruali yangu mpya ya bugaluu, kwenye samadi! Mkumbatie mama kwa niaba yangu, lakini msalimie kwanza.

Nduguyo,
Idi