Mzee Merv kampa Tamsin

Kirra, nimetoka ukumbini sasa hivi. Filamu ya Tamsin imeisha, mji mzima wa Coober Pedy umesimama kumpigia makofi. Tamsin!

Na nani anaongea humo kwenye filamu? Mzee Merv wangu, mchimba vito vya opali niliyemfuata na kamera miaka yote ile! Anamsimulia Tamsin jinsi mgodi ulivyomfukia kaka yake. Mimi hajanigusia hata siku moja. Nimeona wivu.

Nimemvaa Merv palepale mlangoni: “Kwa nini yeye?”

“Binti yangu, nilipokuwa nikilia, Tamsin alizima kamera akanichemshia chai. Nilipotulia, mimi mwenyewe nikamwambia awashe. Wewe, nikilia, ulikuwa unaisogeza karibu.”

Unaisogeza karibu! Kaniambia hivyo machozi yanamtoka.

Na mimi, Kirra, nilishainua simu, namrekodi.