Sauti Yangu na Mashuka ya Mwani

Chumba cha Nyuma,
Juu ya Karakana ya Ufumaji.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua salamu ndefu ndizo hutangulia, lakini jambo hili likingoja tena nitapasuka. Sijamwambia mtu yeyote: yule msichana anayezungumza kwenye tangazo la mashuka ya mwani, lile Mama alilokutumia kwa simu ukasifu sauti yake, ni mimi.

Ndiyo, mimi, ambaye mgeni akija nakimbilia jikoni. Baba mdogo, kwa kuwa karakana ni yake, alinirekodi ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usisikike. Alinitaka kwa sababu shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na wateja wake ni wa lugha zote mbili. Darasani wananiigiza, "Laaala salama, ngozi ipumue," bila kujua mwenye sauti amekaa dawati la nyuma anatafuna kifuniko cha kalamu.

Sasa nikujulie hali. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko? Mumeo bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi wazima. Mama mgongo tu, kwa kuinamia mtambo wa kufumia. Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaotokota.

Ulihama kabla kazi ya mwani haijaanza, basi nikueleze. Kiwandani wanakausha mwani, wanausaga, wanauchanganya na rojo la miti iliyopondwa, kisha wanavuta nyuzi. Uzi unatufikia umezungushwa kwenye koni, Mama anafuma. Ni kitambaa cha kuringia, Shangazi. Kinanyonya jasho, hakikwaruzi, na kikichakaa ukakifukia, udongo unakila. Mwani wenyewe hauombi shamba, mbolea wala maji ya kumwagilia. Mama amefuma mapazia, foronya, hata gauni langu la mahafali lilitoka mtamboni mwake. Nilijiona nimezaliwa kwenye nyumba yenye akili.

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kupiga pasi mashuka ya watoto wachanga kabla hayajafungwa. Pasi ileile ya siku zote, moto uleule. Shuka la kwanza likasinyaa, likagandia pasi, chumba kikanuka kama beseni lililosahauliwa jikoni juu ya moto. Baba mdogo akaja juu. "Msomi wetu, hata pasi ina mtihani?" Mafundi wakacheka. Nami nikaomba radhi. Shangazi, niliomba radhi, nikatembea nimeinamisha kichwa kwa kosa ambalo halikuwa langu.

Ile harufu ndiyo haikunitoka. Jumapili, karakana ikiwa tupu, nikachukua kipande cha jora la zamani na kipande cha jora jipya, nikavipiga pasi pamoja. Cha zamani kikanyooka. Kipya kikayeyuka. Nikajaribu vingine kwa maji: cha zamani kikanywa, kwenye kipya tone likakaa juu kama ushanga. Ni plastiki. Mwani umebaki kwenye lebo tu.

Nikampelekea Baba mdogo vile vipande. Hakukana. Alifunga mlango, akasema uzi wa kweli umeadimika na mafundi wanahitaji kazi. Nikamuuliza, basi mbona lebo haijabadilika?

"Mwanangu, mteja halambi shuka. Atajuaje?"

Mteja halambi shuka. Lingekuwa tusi ningelisahau. Kwa hiyo kwake ubaya si kudanganya, ubaya ni kukamatwa.

Na Mama anajua. Uzi unapita vidoleni mwake kutwa nzima, angekosaje kujua? Nilipomuuliza, alisema shemeji yake ndiye aliyetushika mkono Baba alipofariki, na usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sijamtukana mtu, Shangazi. Nilipiga pasi tu.

Lililonimaliza ni la msusi wa saluni ya jirani. Mwanawe ana vipele vya joto, akamnunulia mashuka mawili kwetu. Juzi alimgeuza mtoto nione mgongo, umekuwa mwekundu kuliko mwanzo. Akasema, "Na yule binti wa tangazo aliniapia kabisa ngozi itapumua." Alikuwa ananitazama usoni. Nilipanda ngazi nikalia, na machozi yalipokauka nikakuta si aibu tena, ni hasira.

Kesho Baba mdogo anataka nirekodi tangazo la pili, la mashuka hayohayo ya watoto. Maneno ameshanipa: mwani mtupu, salama kwa mwanao. Nikikataa, sina shukrani. Nikikubali, msusi ataongeza shuka la tatu. Barua haitakufikia kabla ya kesho, kwa hiyo la kesho ni langu. Lakini la lebo nakuachia. Wewe ndiye dada yake Baba mdogo, ulimbeba mgongoni; hakuna mwingine anayemwogopa.

Karatasi hii nimekuwa nikiisukuma chini ya godoro kila nikisikia mtu. Sasa nasikia ndara za Baba mdogo ngazini. Siifichi. Iko mezani na kalamu inatembea.

Ameingia. Amesimama nyuma yangu, anasoma. Amefika penye mteja halambi shuka, amekohoa. Ameuliza kama nitaituma kweli. Nimemwambia naituma, na kesho kabatini siingii, na msusi nitamweleza mwenyewe asubuhi.

"Tangu lini una mdomo hivyo?"

Naendelea kuandika. Ameketi kitandani.

Nisalimie mumeo, na wale mapacha wako wasiojua kulala. Mama anakusalimu sana. Mungu akupe afya, akunyooshee magoti, akuzidishie subira, maana utaihitaji.

Baba mdogo nimempa kalamu akusalimu mwenyewe, ameikataa. Anaomba nikuandikie usimpigie simu.

Mpigie.

Ni mimi nikupendaye daima,
Binti wa kaka yako.