Kitufe Ambacho Sikukiweka

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kaniudhi leo! Nimemwambia najifunza kutengeneza programu ya simu ili Mama aweze kusema — tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, anatutazama tu. Akacheka mpaka akakohoa. Eti programu kama hizo zimejaa tele, pakua moja uache kujisumbua. Nimezipakua zote! Zinaongea kama roboti lenye mafua, na intaneti ikikatika zinakuwa bubu kuliko Mama. Yangu itakaa ndani ya simu yenyewe, na itakuwa na sauti ya mtu. Acha acheke. Asiyejua maana haambiwi maana.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wa kwenye video ni mwongo! Eti hatua ya kwanza ni rahisi — rahisi kwa nani? Kompyuta inavuma, mistari myekundu kioo kizima. Asubuhi yote imepotea kwa sababu ya bano moja nililosahau kulifunga. Nimelia, nimenawa uso, nimerudi kitini.

Jumamosi, 8 Machi

Imefunguka! Vitufe vinne vikubwa: Maji. Choo. Naumwa. Nataka kulala. Sauti nimeitia yangu. Nikamwekea Mama simu mapajani. Akaitazama, akanitazama, akagonga chini kabisa, penye weupe mtupu. Nikamshika kidole nikakipeleka kwenye Maji. Akakivuta. Akagonga palepale. Jamani, yote haya namfanyia nani?

Jumapili, 9 Machi

Kaka kaja na begi. Anamchukua Mama akakae kwake, ameshaamua, mkewe ameshatandika kitanda. Nikamwakia: haendi popote! Tukafokeana juu ya kichwa chake kana kwamba tunagombea kabati. Mama akanyoosha mkono ulio mzima, akagonga simu. Weupe. Weupe. Weupe.

"Umeona?" Kaka akasema. "Hata kutumia hajui."

Hapo ndipo akili iliponijia. Vitufe vyote ni vya kuomba! Mama huyu, aliyekuwa akitunyamazisha wote kwa neno moja, sikumwekea Sitaki.

Nimekiongeza. Naandika hapa nikisubiri programu iingie upya kwenye simu. Kaka kakalia begi lake, kanuna. Kakubali tumwulize Mama mwenyewe. Nikajigamba kwamba swali la kwanza ni kama Mama anataka kwenda kwa Kaka. Akauliza la pili litakuwa lipi.

Nikaiinamia kompyuta. La pili ni kama anataka kubaki na mimi. Na hiyo Sitaki nimeirekodi kwa sauti yangu mwenyewe.

Tayari, imeingia. Mama ameshatoa kidole nje ya shuka —