Uzito wa Upande wa Kushoto

Quartzsite, Arizona
3 Machi 2018

Mdogo wangu Royce,

Salamu nyingi. Natumai mgongo umepoa na theluji ya Nebraska imeanza kukuachia njia. Sisi tunaendelea vizuri. Mimi bado naokota mawe yangu jangwani na kuyasugua. Marlys hajambo, ila mkono wake, ule uliovunjika siku unayoijua, humuuma asubuhi.

Najua miaka sita ni mingi. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Mama mkwe ana miaka tisini na sita sasa, na yuko taabani huko kwenu. Wauguzi wamemwambia Marlys awahi kabla ya mwezi wa tano.

Trela tunaloishi, lile linaloegemeza shingo kwenye pikapu, lina tairi za tangu ajali ile. Kwa macho yangu bado zina maisha. Lakini Marlys kagoma kusafiri. Anasema hapandi mpaka uchague tairi mpya wewe mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba duka lako lilifungwa. Akaniambia, "Duka ndilo lililofungwa, macho ya Royce hayajafungwa."

Kuna mtu hapa gulioni anauza seti nzima, nyeusi tii, hazijaguswa na barabara. Niambie tu, ninunue au nisinunue?

Kaka yako,
Lowell


Holdrege, Nebraska
10 Machi 2018

Lowell,

Barua imefika. Mgongo uko vilevile.

Namjibu Marlys, si wewe. Duka langu halikufungwa, ulilifunga wewe. Tairi ilipasuka, mkavutwa mtaroni, mkeo akavunjika mkono. Jumapili iliyofuata ukasimama kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada ukawaambia watu kwamba Royce amemuuzia ndugu yake tairi mbovu. Mwaka haukuisha nikawa sina mteja hata wa kuziba pancha.

Sasa sikiliza. Hizo za gulioni, tafuta ubavuni tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Tairi huzeeka hata ikiwa imelala tu, na ya trela huzeeka kwanza, kashata zake za kukanyagia barabara zikiwa bado zimejaa. Ndiyo maana wastaafu wenzako wanazitazama kwa juu, wanaridhika, halafu wanaokotwa barabarani.

La pili, sichagui tairi ya trela ambalo halijapimwa. Nenda kwenye mizani ya malori na kila kitu unachosafiri nacho: maji, gesi, vyombo, hadi kijiko. Upande wa kushoto peke yake, wa kulia peke yake. Nitumie karatasi. Marlys azipige picha tairi zote nne kwa mbele.

R. Hedlund


Quartzsite, Arizona
17 Machi 2018

Mdogo wangu Royce,

Habari za huko? Hapa joto limeanza kuchoma, na majirani wengi wameshang'oa nanga kurudi kaskazini. Marlys anakusalimu sana.

Zile za gulioni zina 10 mwishoni. Miaka minane! Nilipomwuliza muuzaji, akasema hiyo ni namba ya bahati. Nimeziacha hapohapo, kwa hiyo asante.

Nimepima kama ulivyotaka. Kushoto pauni 6,300, kulia 6,000. Karibu sawa, unaona mwenyewe. Picha za Marlys zimo humu humu. Nakuomba usituweke sana, kwa sababu ameshafunga masanduku na kila jioni anapiga simu kwa mama yake. Wakati mwingine mama anamtambua, wakati mwingine hapana.

Kaka yako,
Lowell


Holdrege, Nebraska
23 Machi 2018

Lowell,

Karatasi yako na picha za mkeo hazielewani.

Tairi mbili za kulia zimelika sawasawa. Mbili za kushoto zimelika kingo zote mbili, katikati bado nene. Hizo zimelaliwa na mzigo kwa miaka. Tofauti ya pauni mia tatu haiwezi kufanya hivyo. Umetoa kitu kwanza, ndipo ukapima.

Kushoto, chini ya kitanda, kuna kasha refu. Mwaka ule nilipokuwa nakufungia tairi nilikuuliza umeweka nini mle, ukasema mablanketi. Nilitaka kulifungua. Nikajiambia ni kaka yangu, siwezi kumpekua. Kosa langu mimi ni hilo tu, na nimelibeba muda mrefu kuliko wewe ulivyobeba la kwako.

Ni mawe, Lowell?

Nikikuchagulia tairi kwa karatasi hii halafu ukayarudisha, safari hii mkono hautakuwa kitu. Marlys atakufa kwa tairi alizoniamini mimi nizichague, nawe utanitaja tena kwenye kahawa. Sichagui. Kamwambie mkeo kwanza, ndipo uniandikie.

R. Hedlund


Quartzsite, Arizona
31 Machi 2018

Mdogo wangu Royce,

Sijui nikusalimu vipi. Natumai u mzima.

Ni mawe. Ndoo kumi na mbili. Niliyatoa wakati Marlys ameenda kufua, nikayafunika turubai kwa jirani, nikapima, nikayarudisha kabla nguo hazijakauka. Juzi nimepima nayo: kushoto 7,400, kulia 6,100. Nimeshajua kusoma ubavuni sasa. Kila tairi mwisho wake ni 3,520, na za kushoto zimekuwa zikibeba 3,700 kila moja.

Mwaka ule nilijua. Tumekaa mtaroni tunasubiri gari la wagonjwa, Marlys ameshika mkono wake, akaniuliza kama ni mawe. Nikasema ni tairi za Royce. Lilinitoka tu. Baada ya hapo nikaanza kulilinda, na kadiri nilivyolirudia ndivyo lilivyozidi kuonekana la kweli, hata kwangu.

Nimemwambia mezani. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama wewe unajua, nikasema umejua. Akavaa koti akaanza kutoa mawe kwa ule mkono mzima, jiwe baada ya jiwe, akiyapanga kando ya barabara ya kambi. Nilipoinama kusaidia akasema, "Usiguse. Umeyagusa vya kutosha." Akaandika kibao, chukua upendalo. Kufikia jioni wapita njia walikuwa wamebeba karibu nusu, hata lile jekundu nililoliokota Utah.

Leo asubuhi amepanda basi kuja huko. Mimi nimebaki na trela lisilo na mawe wala mke, juu ya tairi nisizothubutu kuzivuta.

Nisamehe, Royce. Ukinyamaza nitaelewa. Jumapili ya kwanza nikifika nitasimama palepale penye kahawa na kusema nilichofanya.

Kaka yako,
Lowell


Holdrege, Nebraska
7 Aprili 2018

Kaka Lowell,

Hujambo? Hapa theluji imekwisha, matope tu.

Marlys alishuka Jumanne, nikaenda kumpokea. Alinishika mkono pale kituoni akalia, nami sikuweza kujizuia. Mama yake alimtambua na kumwuliza kama amekula. Mama ametutoka juzi alfajiri, Marlys akiwa kitandani pake. Maziko yatakusubiri hadi tarehe ishirini na moja. Marlys kasema hivyo mwenyewe, sikumshawishi.

Tairi ni hizi. Waya za chuma mwili mzima, daraja la G, kila moja inabeba pauni 4,400. Zimetengenezwa mwaka huu au uliopita, soma mwenyewe ubavuni. Zinajazwa upepo wa presha ya 110, kwa hiyo fundi akague kwanza kama rimu zako zinauhimili. Kama hazihimili, badilisha na rimu. Nimeongea na fundi wa Blythe, mji ulio jirani nawe, atakutengea nne. Ukishafunga, pima tena. Mwendo maili sitini, usizidishe.

Marlys amebakiza jiwe moja mkobani. Nimelipima jikoni, nusu pauni. Hilo nimeliruhusu.

Neno la kusamehe nimelijaribu nikiwa peke yangu na halijatoka bado. Sitakudanganya. Ila kanisani sijakanyaga miaka mitano, na kahawa bado inaanza saa nne. Jumapili utakayosimama nitakaa kiti cha mbele. Ukikwama popote njiani, piga simu. Nitapokea.

Mdogo wako,
Royce