Siti ya Mama Katika Landrova Yako

Na wala hatukuliuza, Baba. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla hujaitikia shikamoo yangu. Baba mdogo alileta wanunuzi mara mbili, akasema siku hizi za ruksa ya kuagiza mali nje magari ya Japani yamejaa Mwanza, nani atahangaika na Landrova linalokunywa mafuta kama ng'ombe lamboni. Mume wangu akamjibu kwa heshima kwamba gari bado lina kazi moja.

Mume wangu. Nimeandika maneno hayo nikasimamisha kalamu niyatazame. Ni Magesa, Baba, yule yule uliyesema anacheka sana kwa mtu anayetaka kuoa. Bado anacheka. Asubuhi ananichemshia chai kabla sijaamka, na majirani wa hapa Igogo wanasema nimemroga. Tumetimiza miezi miwili, na bado nikisikia hatua zake mlangoni nakimbilia kioo. Ungekuwepo ningeona haya kukuambia. Sasa nakuambia yote.

Kazi yenyewe ni kumleta Mama kwako. Tangu tulipokuzika nyumbani Sengerema hajavuka maji. Magoti yamevimba, safari ya basi haiwezi tena. Kila Jumapili akitoka kanisani anakaa uani na kuuliza kama nyasi zimeshaota juu yako. Swali hilo linanimaliza, Baba.

Gari lipo, lakini dereva ni mkwewe, na hapo ndipo shida ilipoanza. Unajua mwenyewe, wewe uliyekuwa ukihama upande wa barabara ukimwona bibi, mama yake Mama, anatoka sokoni. Mama akakataa kupanda mbele, hata mimi nikikaa katikati yao. "Siti moja ni mkeka mmoja," akasema, na hakutaka mjadala. Nyuma nako mabenchi uliyang'oa ili upate nafasi ya magunia ya dagaa.

Basi Magesa akatafuta siti ya nyuma ya korola moja iliyogongwa, ya kitambaa cha buluu, laini kama godoro letu jipya. Tukaipeleka kwa fundi Bwire. Ilikuwa pana kuliko nafasi iliyopo kati ya matairi, akakata fremu kiasi cha kiganja, akachomelea vyuma sakafuni, akafunga bolti nne. Alipokuwa akikwangua sakafu, dagaa mmoja mkavu akatoka kwenye tundu la bolti yako ya zamani. Nililia pale gereji mbele ya watu, kwa ajili ya dagaa mmoja. Nilikuona na mikono yako ya grisi, siku ile ulipokuwa unanipeleka shule ya bweni, ukisema, "Kaa mbele na mimi, uione njia."

Tukamleta Mama ajaribu. Akapanda kwa mlango wa nyuma, akaketi, akapapasa kitambaa, akatabasamu. Magesa akawasha gari, akainua macho kwenye kioo cha dereva ili arudi nyuma. Macho yao yakakutana humo. Mama akajifunika kanga uso mzima, na Magesa akainamisha kichwa kwa adabu huku gari linatembea. Tukagonga pipa la maji la fundi.

Bwire, ameloa hadi magotini, akauliza kama mama mkwe anataka siti au anataka ukuta. Magesa akataka king'olewe kioo. Bwire akakataa katakata: "Bila kioo utamuua mkweo kwa heshima."

Niliona safari imekufa. Kisha sauti ikatoka ndani ya kanga, ikinisemesha mimi ingawa Magesa alikuwa hatua mbili tu: "Mwambie mwenzio aigeuze."

Siti ikageuzwa. Sasa wanapeana migongo, Mama anatazama njia tunayoiacha. Tulijaribu hadi Butimba na kurudi. Mwambie apunguze mwendo, anasema Mama. Mwambie Mama nimepunguza, anajibu Magesa. Mwambie kuna mbuzi. Mwambie Mama tumeshampita. Mimi katikati nabeba salamu za urefu wa mkono mmoja, nikiwapenda wote wawili hadi kifua kinauma.

Utusamehe matundu mapya sakafuni. Nitakung'olea nyasi kwa mikono yangu, hilo nakuahidi, na Mama atanielekeza.

Tutapanda pantoni ya asubuhi pale Kigongo. Magesa amekwisha kupanga kila kitu: tukifika kwenye mihogo iliyo jirani nawe ataligeuza gari, na mimi nitashuka nimwelekeze. Ataingia kinyumenyume, polepole, mpaka ulipo, ili wa kwanza kukuona awe Mama.

Pumzika, Baba yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa hapo.

Mwanao, Neema